Mama Numbi na Kiziba cha Jirani Aliyefukuzwa

Ukungu bado umelala juu ya bonde la Katebi, nje ya Kolwezi, upande wa njia ya Mutshatsha. Mama Numbi ameinama ukingoni mwa kiziba, bwawa la samaki lililochimbwa kwa majembe. Anapasua majani ya muhogo kwa vidole, anayatupa majini kidogo kidogo, kisha anatulia.

Kwanza hakuna kitu. Halafu maji yanaanza kucheza. Midomo midogo inatokea, inanyonya, inapotea, kama mvua inayonyesha kutoka chini kwenda juu.

"Zinajua saa ya kula tu," anasema kwa sauti ndogo. "Mwenyewe ni nani, zinajua wapi?"

Kiziba hiki si chake. Ni cha Kanku, jirani yake. Baba yake Kanku aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na Kanku mwenyewe akazaliwa hapahapa Kolwezi. Mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani Katanga, alilala stesheni na watoto wake mpaka treni ikawachukua kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Hajarudi. Huu ni mwaka wa pili Numbi analisha samaki wake.

Asubuhi hii wenzake wa bonde wanakuja kuamua kama kiziba kifunguliwe, maji yatoke, samaki wote waliwe. Numbi hataki.

Numbi alikuja Kolwezi akiwa bibi arusi, kutoka kaskazini ya Katanga. Louis, mume wake, alifanya kazi kwenye reli ya mgodi. Mshahara ulianza kuchelewa miezi mitatu, kisha sita, kisha ukawa kitu cha kusimuliwa. Sasa Louis anachoma makaa karibu na Mutshatsha, anarudi nyumbani siku anayorudi.

Zamani kazi ilipoanza kufa, familia kumi na nane ziliteremka bondeni na kuchimba viziba kando ya kijito kimoja. Kila mmoja na chake, lakini jembe lilikuwa la wote. Juu ya kuta za viziba walipanda muhogo na lengalenga, yaani mchicha. Bata waliwekwa karibu na maji, ili mavi yao yalishe samaki.

Wakajiwekea sheria moja. Siku ya kufungua kiziba, mwenyewe anaingia majini wa kwanza. Kama mguu wake haujalowa, hakuna mwingine anayeshuka. Siku moja mzee mmoja, Tata Henri, alikuwa na homa kali, wanawe wakambeba mpaka ukingoni, akachovya vidole vya mguu, wakamrudisha kitandani. Watu bado wanamcheka.

Zilipokuja zile wiki za kufukuzana, hofu iliingia bondeni. Nyumba ziliibwa, milango ikabebwa. Kila mtu alifungua kiziba chake haraka kabla wezi hawajafika. Walivua wakubwa, wakavua wadogo, wakavua mama wenye mayai mdomoni, maana samaki hawa huatamia humo.

"Tulikula mpaka mbegu," anasema Numbi. "Tulishiba wiki moja. Maji yakarudi, yakajaa vyura tu."

Kiziba kimoja kilibaki na samaki. Kanku alikuwa ameondoka bila kukifungua, na hakuna aliyethubutu kutangulia mguu wake.

Jua linapopasua ukungu, watu wanafika. Mbele ni Tata Kalumba, mkubwa wa kikundi cha wenye viziba, mwenye kofia ya zamani ya mgodini. Nyuma yake Mama Blandine amebeba beseni kubwa tupu kichwani.

"Numbi!" anaita Blandine kutoka mbali. "Weye siku hizi ni mulinzi wa muzimu?"

Watu wanacheka. Numbi anapangusa mikono yake.

"Kanku hakufa, mama."

"Hakufa, lakini eko wapi? Batoto yangu banalala na matembele. Mi niko naangalia samaki zinaruka, kama niko naangalia sinema!"

Tata Kalumba anainua mkono. Haongei kwa ukali.

"Mama Numbi, angalia vizuri. Samaki zimejaa mule. Zinazaana tu, hazikomae, zinabaki kama kidole. Tukiziacha, zitakufa bure. Kanku mwenyewe angetaka ile?"

Numbi anajua kwamba tata amesema kweli. Ameona mwenyewe samaki wakidumaa, mwezi hadi mwezi.

"Ndiyo, tata. Zimejaa," anasema. "Lakini tukifungua leo, tutakula leo. Kesho tutapata mbegu kwa nani?"

Anawaonyesha kona ya kiziba ambako maji ni mafupi. Jua limeanza kuyapasha. Pale ukingoni kuna kivuli cheusi kinachotembea, kinakunjuka, kinakunjika. Ni watoto wa samaki, wengi mno, wamefuata joto.

Numbi anafungua kikwembe, kitenge chake cha juu, anabaki na cha chini. Anapiga magoti ukutani mwa kiziba, anashika pembe mbili za kitambaa.

"Hakuna mutu anaingia mu maji," anasema. "Mi hapa, mwingine kule ngambo ya kona. Tunainua batoto tu. Bakubwa banabaki, banapata nafasi."

Hakuna anayesogea. Bata wanapita wakilalamika. Mwishowe Blandine anatua beseni lake.

"Nikianguka mule ndani, itakuwa makosa yako," anasema, na anashika pembe za upande wa pili.

Kitambaa kinazama polepole. Kivuli cheusi kinakuja juu yake, kinasita, kinatulia. "Sasa!" anasema Numbi, na wanainua. Maji yanachuja, na katikati ya maua ya kikwembe kunabaki kitu kinachometameta na kutetemeka, kama mwanga uliokatwa vipande. Hata Tata Kalumba anavua kofia ili aone vizuri.

Beseni la kwanza linakwenda kwenye kiziba cha Blandine. Anainama, analizamisha taratibu, anawaacha watoke wenyewe. Anabaki amechuchumaa muda mrefu, mkono wake majini.

"Zinaenda wapi?" anauliza kama mtoto.

"Ziko naangalia nyumba," anajibu Numbi.

Mpaka adhuhuri viziba saba, cha Numbi kimojawapo, vimepata mbegu. Tata Kalumba anatoa neno la kikundi: cha Kanku hakifunguliwi mpaka hawa wadogo wakomae. "Kisha tutaongea tena," anaongeza. Si ahadi kubwa, lakini Numbi anaipokea kwa mikono miwili.

Ana mpango wake. Samaki wa kiziba chake wakikomaa, atavua kiasi, atawakausha kwa moshi, atauza wengine apate tiketi, na atapanda treni kwenda Mwene-Ditu. Hajawahi kufika Kasai. Hajui Kanku analala mtaa gani. Anasema ataulizia sokoni, kwa wanawake.

Je, Kanku atarudi? Numbi anakunja kikwembe kilicholowa, anakikamua.

"Sijui. Mi siendi kumurudisha. Nitakaa chini kwake, nitamwambia: samaki zako ziko zinaishi, hakuna mutu aliingia. Kisha nitanyamaza. Yee mwenyewe atasema tufanye nini."