Pamba ya Mama Panya

Asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, anasalimia vizimba. "Hodi humu!" anasema huku akivaa glavu. Panya weupe wanachungulia kutoka kwenye maranda. Wa safu ya mwisho hawachungulii. Wamejikunyata, manyoya yamesimama. Jana walichomwa sindano ya bakteria.

Wenzake humwita Mama Panya, naye hanuni. Ndiye mtunza wanyama wa maabara hii: hulisha, husafisha, na jioni hubeba mizoga.

Utafiti wenyewe anaueleza kwa lugha yake. "Mwilini kuna walinzi wa getini. Bakteria akiingia tu, wanapiga yowe, askari wanakuja mbio. Sasa hawa wa kulia wamezaliwa bila walinzi. Mwizi anaingia, kimya! Daktari mwenye utafiti anataka kujua nani atapona, na kwa nini."

Kitinda mimba wake alifariki kwa maambukizi ya damu, hata wiki hajatimiza. "Nilimshika, baridi. Hospitali walisema hakuwa na homa, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Tangu hapo sivumilii kuona kiumbe kinatetemeka."

Ndiyo maana mwaka jana aliwaongezea panya wagonjwa pamba, kisirisiri. Wakajifukia, wakapata joto. Wasio na walinzi, waliotarajiwa kufa, wengi wakaishi. Daktari nusura aruke kwa furaha, mpaka alipofunua kizimba akaiona pamba.

"Hakunifokea. Alisema tu, 'Mama, pamba imevuruga majibu. Itabidi turudie wote.' Heri angenitukana."

Wakaletwa panya wengine, wakachomwa sindano, wakafa bila pamba ya ziada. Aliyewabeba ni yeye.

"Tenda wema nenda zako, wanasema. Mimi sikwenda popote, bwana. Nilibaki nikatia wema wangu kwenye mfuko wa taka." Anacheka kidogo, kisha anafuta macho kwa kiwiko, maana glavu haziguswi usoni.

Mumewe humsihi aache kazi hii inayomtonesha kidonda kila siku. Hataki. Akiondoka, anasema, atakuja mtu wa kuwarusha panya kama viazi.

Sasa pamba anaigawa sawasawa, vizimba vyote. Mmoja wa kulia anatetemeka. Mkono wa Mama Panya unasogea na pamba ya ziada, unasita, unarudi mfukoni.

"Natamani siku moja muuguzi amshike mtoto baridi vile, ajue la kufanya palepale. Siku hiyo nitaingia humu niwaambie panya kwamba hawakufa bure." Anafunga kizimba polepole. "Nitawaambia watakaokuwepo. Hawa hawatakuwepo."