Siku Bibi Alipotoka Uwanjani

Gari la matangazo lilipita Somanda Alhamisi asubuhi, nikiwa nimekaa kibarazani kwa dada yangu nakunywa chai ya maziwa. Nilikuwa nimerudi Bariadi siku mbili tu kabla, baada ya miaka mingi ya kuishi Mwanza. Sauti ya spika ilifika hata kabla gari halijakata kona. "Mashabiki, rudini uwanjani Jumamosi! Timu ni yenu! Tuwe wavumilivu, uongozi unalifanyia kazi!" Kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria pale nje alitema mate pembeni.

"Wanalifanyia kazi tangu ligi inaanza," akasema, akiniita mayu, yaani mama, kama tunavyoitana huku. "Makocha wanne wamefukuzwa, mayu. Tukiuliza, tunaambiwa asiyeridhika akae nyumbani."

Nikacheka, rafiki yangu, lakini si kwa furaha. Maneno hayo ni yaleyale. Timu ikifungwa, timu ni yenu. Ukiuliza swali, timu ina wenyewe. Nilikuwa darasa la tano nilipoyasikia mara ya kwanza, na aliyenionyesha jinsi ya kuyajibu alikuwa bibi yangu, ambaye aliondoka duniani hajui kuotea ni kitu gani.

Bibi alizaliwa Sola, kule Maswa, akaolewa huku Bariadi, na mimi nililelewa kwake. Jumamosi ya mechi ilianza na kazi, maana kwa bibi hakuna aliyekwenda kushangilia na nyumba haijafagiwa. Msimu ninaoukumbuka ulikuwa unaelekea mwisho na pamba imeanza kuvunwa, kwa hiyo asubuhi tulikaa chini kuchambua, safi huku, fifi kule. Fifi ni ile pamba chafu, yenye madoa na vipande vya majani makavu. Nilikuwa mvivu, nikidhani hatazami naitupia konzi moja ya fifi upande wa safi. Alikuwa anatazama siku zote. "Konzi moja tu ya fifi, ng'wanone, na gunia zima linaitwa fifi," alikuwa akisema, ng'wanone maana yake mwanangu, na nilirudia kuchambua upya huku vidole vinawasha.

Kisha ikaja zamu ya michembe. Ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande, vikaanikwa juani mpaka vikakauka kabisa, halafu vinachemshwa. Harufu yake ikitoka kwenye chungu, tamu, nzito kidogo, mpaka leo inanifanya nisikie kelele za uwanjani. Bibi alivipanga kwenye sinia, karanga za kukaanga pembeni, akafunika kwa kitambaa. Alikuwa akiviuza uwanjani, ingawa nusu nzima aligawa bure kwa watu waliomwamkia vizuri. Sinia nililibeba mimi. Njia nzima ilikuwa salamu za Kisukuma, "mwadila, mayu" na "mwadila" za kuitikia, na ilituchukua muda mrefu kufika kwa sababu bibi hakuwahi kusalimia mtu huku anatembea.

Mpira aliutazama kwa macho ya mtu wa ngoma. Ujanani alikuwa mchezaji hodari wa kikundi cha Wagika, na kwake mchezaji yeyote ni miguu kwanza. "Huyu miguu yake imelala," atasema, na kweli baada ya muda kidogo yule mchezaji anapitwa. Aliyempenda kuliko wote ni kipa. Kipa wetu alikuwa jirani yetu, fundi baiskeli, kijana mrefu mwenye vidole vyeusi vya grisi ambavyo hata sabuni ya kipande ilishindwa navyo. Jumatatu alikuwa akiziba pancha chini ya kibanda chake, Jumamosi anaruka juu ya watu wote. Timu ilipopanda daraja, yeye ndiye aliyeokoa penalti ya mwisho. Mji mzima ulilala umekaukiwa sauti.

Halafu akaja mwenyekiti mpya. Sina haja ya kumtaja, na hata nikimtaja hakukusaidii, maana wako wengi na wanafanana. Alipaka rangi ofisi, akaweka pazia, akaanza kuwaondoa vijana wa hapa mmoja mmoja. Walioletwa walishuka kwenye basi asubuhi na jioni wakachezeshwa, hawajui hata jina la aliyesimama karibu yao. Siwalaumu. Nani anaweza kucheza vizuri na mtu ambaye hajawahi hata kula naye?

Jirani yetu aliondolewa kwa sababu ya swali. Timu ilisafiri kwenda mechi ya mbali, wachezaji wakalala kwenye mabenchi ya kituo cha basi na kuingia uwanjani na njaa. Waliporudi, akauliza mbele ya wenzake chakula cha wachezaji kilikwenda wapi. Kesho yake jina lake halikuwepo, na sababu iliyotolewa ni utovu wa nidhamu. Kuanzia hapo tulifungwa nyumbani, tukafungwa ugenini, tukafungwa na watu ambao wenyewe walishangaa kushinda. Yeye aliendelea kuziba pancha, lakini aliacha kupiga mluzi, na mimi niliyekuwa nikipita pale kila siku kwenda shule niliusikia ule ukimya.

Mashabiki walipodai mkutano kwa muda mrefu, mwenyekiti alikuja siku moja uwanjani na kipaza sauti. Alizungumza sana. Alisema kuna mikakati, kuna mchakato, kuna watu wanaotuonea kijicho, na kwamba hata ushirikina wa wapinzani unafanyiwa kazi. Watu waliguna. Bibi akasimama, akaifunga vizuri khanga yake kiunoni.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, "mimi nauliza moja tu. Kipa wetu amekosa nini?"

Mwenyekiti alitabasamu vile mtu anavyomtabasamia mtoto. "Bibi, shabiki kazi yake kushangilia. Mambo ya uongozi tuachieni wenyewe."

Wachache walicheka, wale waliokaa naye meza kuu. Bibi alikaa chini taratibu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nililia njia nzima, nikamwambia sitakwenda tena uwanjani maisha yangu yote, na yeye akanijibu tulipofika nyumbani na nsansa ikawa inachemka jikoni, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akiyakoroga na karanga.

"Wewe hujui mbina," akasema. Mbina ni ngoma zetu. Akanieleza jinsi Wagika na Wagalu walivyoshindana baada ya mavuno: vikundi viwili, siku moja, wakati uleule, kila kimoja upande wake wa uwanja. Hakuna jaji wala karatasi. Watu wanatembea. Ukichoshwa na hawa, unavuka kwenda kwa wale. Jua likielekea kuzama, mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyeshindwa anakubali, kwa sababu ameona mwenyewe. Akaniambia mwaka mmoja kikundi chao kilijivuna, hakikufanya mazoezi, kikategemea dawa ya kuvuta watu. Watu wakavuka wote. "Kucheza huku unaona migongo, ng'wanone, hakuna fimbo inayouma vile. Dawa ya kuvuta watu ni kucheza vizuri. Sasa huyu amesema kazi yetu kushangilia. Basi tutashangilia."

Kesho yake alikwenda kwa jirani, kumwomba adake tena Jumamosi pamoja na wenzake walioachwa. Kipa alikataa mara mbili, akisema ameshamaliza na mpira. Bibi akakaa kwenye kigogo cha kibanda chake, akamtazama anavyofanya kazi, mpaka akakubali. Kisha tukaenda kumwomba uwanja mwalimu wa michezo wa shule yetu ya msingi, kijana mwembamba aliyekuwa anatuchapa kwa kuchelewa namba za asubuhi. Uwanja wa shule ulikuwa ng'ambo ya barabara, ukitazamana na geti la uwanja mkubwa. Mwalimu aliogopa, hakuficha. Angeweza kuhamishwa kwa jambo kama lile. Alizungusha filimbi yake kidoleni, halafu akasema, "Wakiniuliza, nitasema ni mazoezi."

Jumamosi ikafika. Tuliingia uwanja mkubwa kama kawaida, bibi akakaa mahali pake. Tulifungwa bao la kwanza mapema, la kizembe, mpira ukipita katikati ya watu watatu kila mmoja akidhani ni wa mwenzake. Ng'ambo ya barabara filimbi ya mwalimu ikalia. Bibi akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Haya, twende tukafanye kazi yetu." Akaanza kutembea.

Nilimfuata na sinia kichwani. Nikageuka. Hakuna aliyesimama. Sijui kama umewahi kutoka mahali penye watu wengi mkiwa wawili tu, mzee na mtoto, huku wote wanawatazama. Michembe ilikuwa inahama kwenye sinia. Pale getini nilimwambia, "Bibi, hawaji." Hakugeuka hata kidogo. Alisema, "Wewe usimwage viazi," akavuka barabara.

Vijana walioachwa walikuwa saba. Walijazia na wenzao wa mtaani, mwalimu mwenyewe akacheza beki huku bado ana filimbi mdomoni. Goli lilikuwa miti miwili, na kati ya hiyo miti alisimama jirani yetu na jezi yake ya zamani. Mpira wa kwanza ulipomjia akaruka akaudaka, na bibi akapiga kigelegele. Nimesikia vigelegele vingi, vya harusi na vya kanisani. Kile kilivuka barabara, kikapita geti, kikaingia uwanja mkubwa bila kuomba ruhusa ya mtu.

Wa kwanza kutoka walikuwa kina mama wauza karanga. Nyuma yao wazee wawili wa baiskeli, wakizisukuma, wakijifanya wanakwenda nyumbani. Halafu mpiga ngoma wa mashabiki na ngoma yake tumboni, na huyo alipotoka, geti likawa dogo. Walitembea tu. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyerusha jiwe. Walijipanga kuzunguka uwanja wa shule, juu ya matuta ya viazi ya darasa la sita, ngoma ikaanza, na nilimwona jirani yangu akicheka kwa mara ya kwanza tangu waondoe jina lake. Sinia langu liliisha kabla sijajua nani amechukua nini.

Mwenyekiti alitoka mwenyewe. Alisimama pembeni ya barabara na suti yake, vumbi la magari likimpata, akatafuta wa kuzungumza naye mpaka akamwona bibi.

"Bibi, mnafanya nini? Mechi iko kule. Warudishe watu."

"Mwenyekiti," bibi akasema, tena kwa heshima kabisa, "ulisema kazi yetu kushangilia. Tunashangilia." Akageukia uwanja.

Tulifanya hivyo mechi tatu. Ya tatu, uwanja mkubwa ulikuwa na wachezaji, waamuzi na meza kuu basi. Wiki iliyofuata jirani yetu aliitwa, na wenzake wanne. Alipoingia golini watu walirudi, bibi mbele. Sitakudanganya kwamba tulibaki kwenye ligi. Hatukubaki, tulishachelewa. Lakini siku ya kushuka tulishuka na watu wetu, tukiwa tumejaa uwanjani tunapiga ngoma, na mwenyekiti aliachia ngazi kabla ya mavuno kuisha. Mwalimu alihamishwa kweli, akapelekwa Kalemela kando ya ziwa. Alinitumia salamu na samaki wakavu kupitia kwa mtu, akasema huko nako ameanzisha timu.

Jumamosi hii nilichemsha michembe. Dada yangu aliniuliza kama nimerukwa na akili, nikamwambia bado kidogo. Nilipofika uwanjani, rafiki yangu, roho iliniuma. Ng'ambo ya barabara, palipokuwa na uwanja wa shule, sasa kuna fremu za maduka: vipuri vya pikipiki, saluni, mahali pa kutoa pesa kwa simu. Bibi hayupo. Jirani yetu alihamia Geita, kibanda chake kimekuwa duka la simu. Mbina zenyewe siku hizi zinachezwa akija mgeni wa serikali, na mgeni akiondoka zinakwisha. Nilisimama pale na sinia, nikajiuliza watu watavukia wapi kama upande wa pili umejengwa wote. Nadhani ndiyo maana wanapiga spika bila wasiwasi. Wanajua hatuna pa kwenda.

Ila nyuma ya fremu kumebaki kipande, hakizidi nusu ya uwanja wa zamani. Wasichana wa shule walikuwa wanacheza mpira pale, magoli yao matofali, peku wote, vumbi mpaka magotini. Golini alikuwa mmoja mrefu, na mpira ulipomjia akaruka bila kuogopa ardhi.

Nikapiga kigelegele. Kilitoka kibaya, kimekwaruza, nina miaka mingi sijapiga. Wale wasichana walisimama wakanitazama, halafu wakacheka, halafu wakacheza kwa nguvu zaidi. Kutoka uwanja mkubwa nilisikia spika zikitangaza vikosi, zikitukumbusha kwamba timu ni yetu. Nikaupa ule uwanja mgongo, nikaketi kwenye tofali.

Baada ya muda nikasikia pikipiki imezimwa nyuma yangu. Ni yule kijana wa bodaboda, jezi ya timu mwilini, na wenzake watatu wamesimama kando wanasitasita. Nikamsogezea sinia. Akachukua kipande cha kiazi, akatazama uwanja mkubwa, akatazama wasichana.

"Mayu," akauliza, "sasa hapa tunamshangilia nani?"

"Wanaocheza," nikamwambia. Akawaita wenzake.