Mama Mifuko na Neno la Asubuhi

Hebu mwone anavyokuja. Jua bado halijapata nguvu, na yeye anateremka ule mteremko wa kwa fundi baiskeli kwa mwendo wa mtu ambaye hakimbizwi na kitu wala hakimbizi kitu. Mfupi, kajaa kidogo, kilemba kimefungwa kwa nyuma, miguuni raba nyeupe zilizokwisha kuwa za rangi ya vumbi. Lakini gauni lake ndilo litakalokusimamisha. Lina mifuko mahali ambapo fundi mwenye akili zake hashoni mfuko: miwili kiunoni, mmoja kifuani, mwingine mkubwa pajani, na mmoja mdogo ubavuni ambao hata yeye huusahau. Ndani mna leso, vifungo vilivyodondoka kwenye mashati ya watu, kamba ya kiatu, vipande vya chaki, na siku moja alikutwa konokono, mzima, aliyehifadhiwa humo na mtu wa miaka mitatu kwa usalama wake.

Huyo ndiye mwalimu wa chekechea. Wazazi wanamwita Mama Mifuko. Watoto wanamwita Mwalimu, wakisahau wanamwita Mama, na yuko mmoja aliyelelewa na babu yake ambaye akighafilika humwita Babu. Naye huitika.

Darasa lake ni chumba kirefu kimoja. Kuta ni nyeupe juu, bluu chini, na ile bluu inaishia pale mikono ya watoto inapoishia, maana mikono hiyo ina tabia zake. Ndoana za mabegi zimepigwa kimo cha mtoto, na juu ya kila ndoana kuna picha badala ya jina, kwa kuwa wenye mabegi bado hawajui kusoma: samaki, mwavuli, ufunguo, kijiko, kuku, ndoo. Basi ukikaa na darasa lile siku mbili tatu, utajikuta unasema, "Samaki ana homa," au "Ndoo kamng'ata Kuku," na hushangai hata kidogo.

Siku yao inakwenda hivi: begi kwenye ndoana, kunawa mikono, mkekani kwa salamu na wimbo, michezo, kunawa tena, kula, kisha hadithi, ambayo nusu yao huisikiliza wamefumba macho na kukoroma. Kwenda chooni ni kwa treni. Unashika bega la mwenzako, na treni haiondoki mpaka behewa la mwisho lipige honi.

Wazazi nao wana taratibu zao, na Mama Mifuko huwasomea mwanzoni mwa mwaka akiwa amesimama juu ya kistuli. Mwanasesere wa nyumbani abaki nyumbani, maana kigari kimoja tu kinaweza kuvunja urafiki wa tangu Jumatatu, ambao kwa watu wa umri ule ni wa maisha yote. Mtoto mwenye homa asiletwe. "Na msimpe dawa alfajiri mkadhani tumelala," huongeza, "ile dawa inaisha nguvu saa ya hadithi, na mimi ndiye ninayekuwa nimempakata." Kwaheri ni moja: busu moja, mzazi aende zake. Mzazi haingii darasani masomo yakiendelea.

Halafu linakuja lile kubwa, ambalo yeye analiita neno la asubuhi. Anayemleta mtoto ndiye anayesema getini, kwa mdomo wake, nani atakuja kumchukua. Akishasema, limefungwa. Anaweza kulifungua yeye peke yake, kwa sauti yake mwenyewe.

"Hata kama ni baba mzazi?" huuliza mtu kila mwaka.

"Hata baba."

"Na mama je?"

"Hata mama."

Watu hucheka. Yeye hacheki. Mwaka mmoja baba na mama wa mtoto mmoja walifika getini kwa wakati mmoja, kila mmoja kivyake, kila mmoja kashika mkono wake, wakawa wanamvuta yule mtoto katikati kama nguo inayokamuliwa. Wote wawili walikuwa wazazi wa kweli. Wote wawili walikuwa wamemwamkia vizuri. Tangu hapo Mama Mifuko akajua kwamba kumjua mtu si kujua yaliyopita nyumbani kwake jana usiku.

Sasa, katika mwaka ninaousimulia, Kijiko alikuwa binti wa miaka minne mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Mama yake alikuwa dobi hospitalini, kule ambako simu hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, anaonekana nyumbani mara moja kwa mwezi, na akionekana amelala. Yeye alimwita binti yake Bosi. Binti naye alimwita Dereva, na akimwita hivyo alikuwa anaweka mikono kiunoni.

Asubuhi ya siku hiyo mama mtu alifika mbiombio kama kawaida. "Mwalimu, leo atakuja mama yake mdogo."

"Mama mdogo. Nimesikia."

Walikuwa kwenye kunawa mikono kwa mara ya pili pale honi iliposikika barabarani. Haikuwa honi ya kuomba njia. Ilikuwa ndefu, halafu fupi mbili, na Kijiko akaacha maji yanamwagika.

"Dereva wangu huyo!" akapiga kelele, akakimbia getini na povu hadi viwikoni.

Ni kweli alikuwa yeye. Kavaa shati jipya lenye mikunjo ya kwenye paketi, anacheka meno yote nje. Mlinzi, ambaye watu wanamwita Kamanda ingawa silaha yake ni ufagio, alikuwa tayari amekwisha kumkumbatia kupitia nondo za geti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Habari za safari?"

"Nzuri, wamenigeuzia njiani, ndiyo maana unaniona. Tela limebaki ghalani linapakiwa, nimekuja na kichwa cha lori tu; likijaa naondoka. Nikasema haka kanafasi nisikakose, nimchukue Bosi twende akachague viatu. Achague mwenyewe. Nimemwahidi tangu safari iliyopita."

Mama Mifuko aliifuta mikono yake kwenye gauni, polepole kuliko ilivyohitajika. "Mama yake amesema atakuja mama mdogo."

"Mama yake hajui kama nipo. Mimi mwenyewe jana sikujua."

"Naamini."

"Basi nifungulie, mama."

"Siwezi, baba."

Dereva akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Mwalimu," Kijiko akaingilia, kaning'inia kwenye nondo kama nguo ya kuanika, "huyu ni baba yangu. Mimi namjua. Nimemwona meno."

"Mwalimu, wamefanana mpaka masikio," Kamanda akanong'ona kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Huyu hakuzaliwa, huyu alipigwa chapa."

"Kufanana sikatai, Kamanda."

Akatoa simu mfuko wa kifuani akampigia mama mtu. Haipatikani. Akapiga simu ya udobini. Ikapokelewa na mtu aliyesema subiri, akailaza mezani, zikawa zinasikika mashine zinazunguka tu, zinazunguka, mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita bure. Dereva naye akampigia shemeji yake, akaiweka sauti ya nje.

"Mpeni tu jamani!" mama mdogo akasema. "Si baba yake?"

"Aliyeniagiza ni dada yako, mwanangu," Mama Mifuko akamjibu. "Wewe fika umchukue, ukishamtoa hapa umpe umtakaye."

"Nakuja, lakini nina kichwa cha mtu mkononi! Nimesuka nusu. Nitamwacha vipi mteja na nusu?"

Hapo ndipo dereva alipokasirika. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Mama, mimi nalala kwenye kiti cha lori kwa ajili ya huyu mtoto. Watu wa mipakani wananijua kuliko anavyonijua yeye. Leo nimepata hivi visaa, na wewe unanishikia mwanangu kama mzigo usiolipiwa ushuru?"

Mkono wa Mama Mifuko ulikuwa umezama mfuko wa pajani, unageuzageuza kifungo cha mtu. Alimpenda yule bwana. Alikuwa anaona kabisa kwamba anasema kweli, na kwamba kila dakika wanayosimama pale inatoka kwenye fungu la baba na mwana. Lakini alijua pia kwamba yule baba mwingine, wa mwaka ule wa kukamuana, naye alikuwa na uso wa kusema kweli. Akifungua leo kwa sababu uso huu anaupenda, kesho atafunga kwa uso gani?

Akamtazama dereva, akalitazama darasa, ambalo sasa lote limejipanga nyuma yake likichuruzika maji.

"Sikiliza, baba. Mtoto kutoka, hatatoka. Lakini ile ya wazazi wasiingie darasani, ile niliiweka kwa ajili ya amani yangu mwenyewe. Hiyo nina ruhusa ya kuilegeza. Kamanda, fungua. Vua viatu, baba. Na unawe mikono."

Dereva alisimama kidogo, kiburi chake na hamu yake vinasukumana. Kisha akainama akavua viatu.

Wacha nikwambie, mtu mzima akikaa mkekani kwa chekechea ni sawa na mgeni rasmi. Walimzunguka.

"Wewe una miaka mingapi?"

"Mama yako amekuacha?"

"Mbona una nywele puani?"

"Mwacheni Dereva wangu," Kijiko akaamuru. "Dereva, kunja miguu. Utamkanyaga Samaki."

Treni ya chooni ilipopangwa wakamweka behewa la mwisho, kwa kuwa ni mzito. Akaombwa apige honi. Jamani! Yule bwana alivuta pumzi akapiga honi ya lori kwa mdomo, akaingiza gia ya kwanza, akapanda mlima ukutani pale, akabadilisha gia ikakwaruza, na mlangoni akafunga breki za upepo, psssss, hadi mabehewa yote ya mbele yakaanguka chini kwa kicheko. Ndoo akalazimika kubadilishwa suruali kabla hajafika alikokuwa anakwenda.

Wakati wa kula ilikuwa zamu ya Kijiko kugawa maji. Akabeba jagi kwa mikono miwili, ulimi nje, akazunguka meza nzima akimimina kikombe kwa kikombe bila kumwaga tone. Alipofika kwa Kuku, ambaye mkono mmoja ulikuwa na bandeji, akamfungulia na chombo chake cha chakula pasipo kuambiwa, akaendelea na safari. Dereva, juu ya kistuli kilichomfikisha magoti kifuani, alikuwa amesahau kutafuna.

"Hii amejifunza lini?"

"Mwezi uliopita," Mama Mifuko akasema.

"Sikuwepo."

"Hukuwepo, baba."

Akageuka dirishani kana kwamba lori limemwita.

Na kweli likamwita. Simu ikalia, utingo wake anasema tela limejaa, msimamizi anafoka, twende. Dereva alikuwa anafunga kamba za viatu pale mama mdogo alipoingia anahema, kitana kimemganda nywelani. Mama Mifuko akamkabidhi Kijiko mkononi, kama alivyoagizwa, na mama mdogo hata hakuusubiri mkono utulie, akamrushia shemeji yake palepale. Lakini duka la viatu lilikuwa upande mwingine wa mji. Ulibaki muda wa kumpandisha mtoto kwenye usukani, akapiga honi yake, ndefu moja na fupi mbili, akateremshwa.

Dereva akarudi hatua chache hadi getini. "Mwalimu, sijui nikushukuru au nikununie."

"Vyote nitapokea, baba."

Hakutabasamu. Akapanda, akaenda zake.

Kesho yake mama mtu alikuja mapema, na mikono ameifunga kifuani. "Mwanangu kalala analia, anataka viatu na anataka baba. Haonekani tena huyo mpaka mwezi ujao. Mwalimu, si mtu unayemjua?"

"Namjua."

"Sasa?"

Mama Mifuko angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa kama kujitetea.

"Haya," mama mtu akasema, "neno langu ni hili: baba yake akija, siku yoyote, saa yoyote, mpe."

"Nimesikia. Na siku ukilibadili, uniambie wewe mwenyewe."

"Nilibadili kwa lipi?" Akasonya, akambusu mwanawe mara moja, kama inavyotakiwa, akaenda kazini bila kuaga.

Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo mama wa Ufunguo, mwanamke mpole asiyesema zaidi ya salamu. Akawapisha wengine wote wapite. Geti lilipobaki tupu akasogea karibu.

"Mwalimu, nimesikia mambo ya jana. Wanakusema kila mahali." Akautazama mkoba wake. "Mimi neno langu la asubuhi usije ukalilegeza. Yeyote atakayekuja. Hata mtoto akimkimbilia mwenyewe anacheka."

Mama Mifuko alimtazama usoni.

"Nimesikia, mwanangu."

Akaingia darasani. Watoto walikuwa wananawa, na Kijiko alikuwa kwenye beseni, kwa mara ya kwanza tangu ajiunge, ananawa kimyakimya. Mwalimu akachuchumaa kando yake, akamkunjia mikono ya sweta isilowe. Mtoto hakuwa na kosa, na baba yake hakuwa na kosa.

Mtaani bado wanabishana. Kamanda anaapa kwamba yeye angefungua tangu honi ya kwanza. Mama Mifuko ukimuuliza anapapasa mifuko yake kama mtu aliyepoteza kitu, anakwambia hajui. Basi nawe, msomaji wangu, hebu simama pale kidogo: mtoto mwenye povu viwikoni anarukaruka upande huu, baba yake na shati lake jipya yuko upande ule, ufunguo uko mkononi mwako. Ungefungua?