Nguzo ya Ghala la Pamba

Kazi yangu ni kupanga mbawakawa, wale wadudu wenye mabawa magumu ya juu. Nashughulika na familia moja tu, ya kale mno, iliyokuwepo kabla hata nyasi hazijaota duniani. Wachache wako hai, wengi wamebaki kwenye mawe. Aliyetoweka tunamwekea msalaba mdogo mbele ya jina. Watu wakisikia hivyo ndivyo ninavyopata riziki, hucheka. Wacheke!

Nilikuwa na jiwe moja lililonikosesha raha. Ndani yake alilala chali mbawakawa wa mamilioni ya miaka, kifua chote kinaonekana, na ukingo wa bawa umejaa vishimo vya mraba, mstari kwa mstari, kama chekeche. Jenasi yake, yaani ukoo wake wa karibu, ilikuwa na msalaba. Lakini vishimo vile nilishaviona nyumbani kwetu, nje kidogo ya Lagangabilili. Niliwahi kuokota mdudu chini ya nguzo ya ghala la pamba la mama. Kuku walikuwa wamemdonoa, wakaniachia mgongo na mabawa tu. Jiwe lilinionyesha kifua, kuku walinibakizia mgongo. Nilihitaji mmoja mzima. Kifua kikilingana, basi jenasi iliyohesabiwa kuwa imekufa ilikuwa inaishi kwa mama yangu, na msalaba ungefutwa.

Nikampigia mama simu. “Mayu, nakuja Jumamosi na mwenzangu wa kazini. Tunataka kuwaona wadudu wa kwenye nguzo ya ghala.”

Akauliza: “Mgeni anakuja kuona wadudu wangu?”

“Ndiyo, mayu.”

“Sawa, mwanangu. Karibuni.”

Hapo ndipo nilipoharibu. Nimezaliwa na kukulia kwenye pamba, nikasahau mdudu ni nini kwa mkulima wa pamba. Mdudu anapigwa dawa, basi. Na mgeni akija, nyumba inasafishwa hadi anapotazama asione cha kusema.

Jumamosi tulishuka Bariadi, tukachukua pikipiki, tukafika mchana. Uwanja umefagiliwa, mama amevaa kitenge cha kanisani. “Mwadila, mayu,” nikamwamkia, lakini pua yangu ilishanasa harufu. Dawa ya pamba. Nikaenda ghalani moja kwa moja, hata maji sijanywa. Nguzo zote mpya, nyeupe, zinanuka utomvu.

“Mayu, nguzo za zamani ziko wapi?”

Akatabasamu kabisa. “Nilipiga dawa, nikaona haitoshi. Nikamwita fundi akazing'oa. Mgeni wako hataona mdudu hata mmoja hapa!”

“Ziko wapi?”

Akaonyesha jiko la nje kwa mdomo. Sufuria la wali lilikuwa linachemka juu ya mafiga, na nguzo zangu ziko chini yake.

Nilipiga kelele. Sikumtukana mama, Mungu anisamehe kama sauti ilizidi, lakini nilipiga kelele. Niliuvuta mti pekee uliokuwa bado umeungua nusu tu, nikaumwagia ndoo ya maji, moshi ukatufunika wote. Mama akashika kichwa: “Jamani, wali wangu!” Mwenzangu, mtu mzima na shati lake jeupe, akachukua shoka bila kuulizwa.

Upande uliokuwa chini ya ardhi ulikuwa umeoza, laini. Tukaupasua polepole. Vijumba vya wadudu vingi, vitupu au vina majivu. Kimoja tu kilikuwa na mwenyewe, amekufa kwa dawa au kwa moto, sijui, lakini mzima. Nikamgeuza kwenye kiganja, nikatoa lenzi. Mifereji ya kifuani ya kukunjia miguu ilikuwa palepale kama kwenye jiwe, umbo lilelile.

“Ni yeye,” nikasema, na machozi yakanitoka mbele ya mgeni.

Tukala wali uliokauka chini. Mama hakula. Nikamweleza habari ya jiwe na msalaba, akasikiliza mpaka mwisho.

“Kwa hiyo alikuwa amekufa, kumbe yuko hai, halafu mimi nikamuua.”

“Hukujua, mayu.”

“Na msalaba?”

“Nitaufuta. Juzi alikuwa hai.”

Nimeufuta kweli, na wenzangu wamekubali. Lakini tumerudi, tumezunguka maghala ya majirani hadi Shishiyu na Mwandoya, tumepasua miti iliyooza, tumewasha taa za kuvutia wadudu. Hatujapata mwingine.

Kipande cha nguzo kilichobaki mama alikifukia palepale pa zamani, kando ya nguzo mpya. Akakizungushia miiba kuku wasifike. Msimu wa dawa ukifika, bomba halipiti upande ule, na majirani wanamshangaa. Kila Jumapili akitoka kanisani anainama kutazama kama pameanguka unga wa mti, ule unaotoka mdudu anapotafuna ndani, kisha ananipigia.

“Hakuna unga, mwanangu,” ananiambia. “Lakini usimrudishie msalaba. Wiki ijayo nitaangalia tena.”