Kabati Lisilotaka Ukuta

Mume wangu ni seremala, na ukitaka kugombana naye, mwambie kabati lake linahitaji kushikiliwa. Miaka thelathini na mbili naishi naye, najua ninachosema. Makabati yake husimama yenyewe katikati ya karakana, na mteja akija huambiwa alisukume aone. Linaloegemea ukuta, husema, limetengenezwa na fundi mgonjwa.

Binti yetu alipopata nafasi ya kusoma mbali, alituomba tukae na mwanawe wa kike, mwaka mmoja na miezi minane, katoto kasikojua kutulia. Ila aliweka sharti. Angekuja Jumamosi kukikagua chumba, na asiporidhika angerudi na mtoto wake, na masomo basi. Hakuwa anatania. Ubishi huo kaurithi kwa nani, mimi sisemi.

Basi, babu mtu akaingia kazini. Soketi zote akazifunika. Kitanda akakisogeza mbali na dirisha, kamba ya pazia akaifupisha, kona za meza akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama sabuni iliyotumika. Nilimsifu, alistahili. Kisha akaleta zawadi yake mwenyewe: kabati la droo nne, droo zinazoteleza kwa kidole kimoja bila kelele. Nikamwuliza atalifunga lini ukutani. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

Akaweka pima maji juu kuonyesha limesimama sawa, akalisukuma, akaliegemea. Halikuyumba. Akanikumbusha yule mwalimu mwenye mapacha, aliyenunua la aina hiyohiyo mwaka jana akiwa mjamzito, na mpaka leo hajalalamika. Nikanyamaza. Mimi nikinyamaza, hata majirani hujua kuna jambo.

Alikuwa amelipima kifundi, droo zote zimefungwa. Lakini mtoto hana habari na kusukuma kabati. Mtoto huvuta droo, akaona ngazi. Nimelea watano, sihitaji pima maji kulijua hilo.

Alhamisi asubuhi nilitandika godoro sakafuni mbele ya kabati, nikaleta mfuko wa unga wa kilo kumi. Mjukuu wetu ana kilo kumi na moja; kadi yake ya kliniki nimeiona. Nikavuta droo tatu za chini mpaka mwisho. Mzee akakunja mikono, anatabasamu, akaniambia niache kumwonea wivu kwenye kazi yake. Nikauweka mfuko ukingoni mwa droo ya pili, pale mguu wa mtoto ungefika.

Kabati liliinama taratibu, kama mtu anayeokota kitu, kisha likalala lote juu ya godoro. Mfuko ulikuwa chini yake. Ilibidi tulinyanyue wawili ndipo tukautoa.

Mzee aliketi kwenye kile kitanda kidogo, ameupakata ule mfuko, na mimi niliyekuwa nimeandaa maneno ya wiki nzima, yote yakaniishia. Nilimwonea huruma kwa kweli. Nikamwacha, nikaenda jikoni, na baada ya muda nikasikia drili.

Jumamosi binti yetu alikagua kila kitu huku mtoto yuko kiunoni. Alipofika kwenye kabati alilivuta kwa mkono mmoja, kisha akavuta tena kwa nguvu zake zote. Halikutikisika. Ndipo akamtua mtoto chini. Na yule mtoto, kama aliyetumwa, akaenda moja kwa moja kwenye droo ya chini, akaivuta, akapandisha mguu.

Nikamgeukia mzee, nikijua sasa atajisifu. Alikuwa ameukodolea macho ule mguu mdogo ndani ya droo.

"Mama," akaniita polepole, "wale mapacha wa mwalimu wameshaanza kutembea?"

Nikamwambia tangu mwezi uliopita, na kwamba mama yao analalamika hawashikiki.

Chai yake ilikuwa imeshamiminwa. Aliiacha mezani, akachukua drili na kopo la skrubu, akatoka. Nilimfuata mpaka mlangoni nimpe kofia yake, nikamwona anakata kona ya mtaa. Tangu anioe, sijawahi kumwona mume wangu akikimbia.