Mstari wa Ishirini na Tano

Mume wangu alipenda COBOL, mimi nikapenda BASIC, na kwa jambo hilo tuligombana kuliko ndugu wanavyogombea shamba. Zote mbili ni lugha za kuiamrisha kompyuta. COBOL ilikuwa kongwe, ndiyo waliyotufundisha kwenye kozi Nairobi, tulikokutana. BASIC ilikuwa changa. Mwalimu mmoja alitugawia kurasa zake zilizorudufiwa, wino umefifia, nami nikazikariri zote. Kisha tukaoana, tukarudi Tororo, ambako hapakuwa na kompyuta hata ya kuonyeshwa kwa kidole.

Hatukujali. Tulikuwa na viberiti. Kila kiberiti kitupu kilikuwa kisanduku cha kumbukumbu, punje za mahindi ndizo hesabu, na Jumapili baada ya kanisa tulikaa mezani tukiendesha programu zetu kwa mkono, mstari baada ya mstari. Mpaka leo nikisikia punje inagonga kiberiti, natamani meza ile.

COBOL ilimruhusu kukipa kisanduku jina refu, na majina hayo aliyaandika kwa Kiswahili: MAHINDI-YA-SOP-SOP, kijiji cha jirani, MVUA-YA-MASIKA. Katika BASIC yangu kisanduku kilipata herufi moja, basi.

"Sasa huyu M ni nani?" alikuwa akiniuliza. "Mahindi, mvua, au mama mkwe?"

"Namjua mimi."

"Na siku usipokuwepo?"

"Asiyejua maana haambiwi maana, mzee."

Mimi nilijivunia kitu kimoja. Mistari ya BASIC tuliihesabu kwa makumi: 10, 20, 30. Ukisahau jambo, unalichomeka katikati, 25 kwa mfano, mambo yanaendelea. Mwenzangu alijaza karatasi mpaka pembezoni, akisahau neno anaandika yote upya, nami nimekaa namtazama natafuna karanga. Raha iliyoje.

Halafu wanajeshi wakaja ofisini kwake, wakachukua makarani wawili. Hawakurudi. Siku ya soko iliyofuata mume wangu akapanda baiskeli mpaka Busia, akavuka upande wa Kenya. Koti lake likabaki msumarini. Mimi nilibaki kwa sababu ya mtoto wetu, alikuwa wa miezi minne na kifua kilimbana. Tulikubaliana nitamfuata akipona, lakini lini, na nani angenipokea? Sikujua hata chumba chake kiko mtaa gani. Barua za posta zilikuwa zinafunguliwa na wanajeshi.

Mama mmoja wa Bulumbi, upande wetu wa mpaka, muuza dagaa, alivuka kila siku ya soko, akakubali kutubebea karatasi. Siku ya safari hatukutaka aijue, ili asije akalazimishwa kuitaja. Karatasi ya kwanza ilikuwa COBOL, angeandika nini kingine? SUKARI-IPO. SABUNI-IPO. MKE-HAYUPO. Nililia huku nacheka. Kwetu sukari ilikuwa imegeuka hadithi.

Ya pili haikunifikia. Askari aliikuta chini ya dagaa akaisoma, maana majina yale hata askari anayasoma.

"Karatasi nasema sukari iko," akamwambia. "Iko wapi?"

"Mimi nakwenda na samaki tu, afande."

Akamkalisha juani mpaka alasiri na dagaa wote akawamwaga njiani. Aliponisimulia alikuwa anajipepea kwa kanga, midomo imemkauka. "Binti yangu," akasema, "mwambie bwana yako aandike kitu kisichosomeka." Niliona haya mpaka nikashindwa kumtazama. Nikamwomba amfikishie neno moja tu: aandike kwa lugha yangu.

Akaniletea jibu, akaniambia pia kwamba hiyo ndiyo mara yake ya mwisho, anaogopa. Sikumlaumu. Nikafungua karatasi. Mistari mitatu. Wa 10: kisanduku S kiwe kitupu. Wa 20: ongeza punje moja kwenye S. Wa 30: rudi 20.

S ni soko, hilo nililielewa. Nikatoa kiberiti, nikaanza kuhesabu. Soko la kwanza, rudi. La pili, rudi. La tatu, rudi. Hapakuwa na mstari wa kusimama. Punje zikajaa kiberiti, zikamwagika mezani, na hasira ikanipanda. Mwanamume huyu ameidharau lugha yangu miaka yote, sasa maisha ya mwanawe yanaitegemea, hata kuisimamisha hajui! Soko lipi? Ningevuka na mtoto, nisimkute, nirudi mikononi mwa askari yule yule?

Nikachukua kalamu nyekundu, nikachomeka 25: S ikifika tatu, simama. Hiyo tatu ilikuwa yangu, nilikisia kifua cha mtoto kitakuwa kimeachia. Kumpelekea sikuwa na njia.

Soko la tatu nilifika Busia na mtoto mgongoni, kichwani kikapu cha mtama, nikiongozana na wanawake wa Buhehe. Askari alichokora mtama kwa fimbo, akanipungia mkono nipite.

Ng'ambo nilimwona mume wangu kabla hajaniona. Alisimama na baiskeli karibu na wauza chumvi, amekonda, shati ni lile lile aliloondoka nalo. Hata salamu sikutoa.

"Umesahau mstari wa kusimama," nikamwambia.

"Sikusahau."

"Sasa umejuaje kuwa nakuja leo?"

"Sikujua," akasema, akinyoosha mikono nimpe mtoto.

Mimi bado nilikuwa na maneno yangu. Nilikuwa na karatasi kifuani, nikaitoa nimwonyeshe kosa lake kwa wino mwekundu. Mama mmoja muuza chumvi akanivuta kanga.

"Dada, mwache," akasema. "Huyu anakuja kila soko. Anasimama hapo hapo mpaka tufunge."

Karatasi ile ninayo mpaka leo. Mstari wa 25 niliufuta.