Kabati la Tembo

Tembo, mhamisha samani na taka za ofisini, aliwahi kubeba peke yake kabati la chuma zito hata ngazi zikatokwa machozi. Jioni humbeba mkewe, asiyeweza kutembea, kumpeleka bafuni.

Leo alipoinua kabati jingine, droo zikiwa bado zimejaa mafaili, mgongo ukamlia ko!

"Shemeji, liache!" akafoka mdogo wa mkewe, anayefanya naye kazi. "Ukivunjika, dada yangu atabebwa na nani? Toroli?"

Tembo akanywea. Wakachomoa droo zote, wakamwita dereva wa lori lao, wakaliteremsha watatu.

Jioni, alipombeba kwenda bafuni, mkewe akamkumbatia shingo. "Leo huguni, mume wangu. Hukwenda kazini?"

"Kabati tumelibeba watatu."

"Na mimi je?"

"Wewe sitaki msaidizi."